Ndoo ya Heshima Katika Nchi ya Salimini

Watu wakiniuliza nilifikaje Salimini huwajibu kwamba nilikwenda kwa miguu na nikarudi kwa miguu, basi, tuendelee na mengine. Njia haina la kusimulia. Nchi yenyewe ndiyo iliyonikaa moyoni, na sasa ni miaka thelathini na sita. Kuna asubuhi naamka na harufu ya sabuni ya ndimu puani, nadhani nimo barazani kwa Bi Mboni, kumbe nimo chumbani kwangu, mzee mwenye soksi mbili zisizofanana.

Wakati ule nilikuwa mpima mvua. Kazi yangu ilikuwa kusoma kipimo kila saa tatu asubuhi na kuandika nilichokiona, si nilichotamani kukiona. Nalisema hili mapema ili msomaji ajue ana shughuli na mtu wa aina gani. Sipendi chumvi katika taarifa. Nikisema ukuta ulikuwa wa moto, ulikuwa wa moto.

Jambo la kwanza kulijua kuhusu Salimini ni kwamba mtu na nyumba yake ni kitu kimoja, na kila mtu ana yake, hata mume na mke. Nyumba ikivuja, mwenyewe anakohoa. Nyumba ikiwaka, mwenyewe anaungua, na ikianguka hakuna tena wa kuulizwa. Kwa hiyo wageni hawalali ndani ya nyumba za watu, wanalala barazani, na mimi nilipewa baraza ya Bi Mboni, mjane mtu mzima aliyekuwa amefundisha shule kwa miaka arobaini. Kila nyumba ina askari wake, maelfu kwa maelfu, wenye kanzu nyeupe, ambao huzunguka uani mchana na usiku wakiwakamata wezi wadogo wanaopenya kwenye nyufa. Wezi hao ni wadogo mno hata huwezi kuwaona, lakini mmoja akiingia asikamatwe, kesho wako elfu.

Nilipofika, gugu lilikuwa limekwisha ingia nchini. Lilikuwa linaota ndani ya kuta za nyumba, hapa moja, pale moja, bila kuchagua tajiri wala mchamungu, na lisipopaliliwa hula nyumba nzima. Dawa yake ni maji machungu, ambayo Wapaliliaji huyamwaga kila baada ya wiki tatu. Maji hayo hayana macho. Yanaua gugu, lakini yakipita yanadondosha makuti ya paa na yanawalaza askari weupe palepale walipo. Kuanzia kama siku ya saba mpaka ya kumi na nne uani hamna mlinzi wa maana. Mwizi akiingia siku hizo hakuna kelele, hakuna vumbi wala damu. Ishara huwa moja tu, nayo ni ukuta kupata joto.

Nyumba ya Bi Mboni ilikuwa imepaliliwa mara tatu. Paa lake lilikuwa limebaki miti mitupu, naye alikuwa amelifunika kwa khanga ya rangi ya manjano na nyekundu, akaifunga pembeni kwa fundo la maringo. Wapita njia walijifanya hawaoni. Mimi nilikodoa macho, kwa sababu sikulelewa pale.

"Unatazama kichwa changu?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Natazama khanga, mama. Imependeza."

"Mwongo wewe. Lakini uongo wako una adabu. Tutaishi."

Tuliishi hasa. Asubuhi alikaa ndani ya dirisha, mimi nikakaa nje, kati yetu dishi la maji na ile sabuni ya ndimu, maana sikuruhusiwa kumpa hata kikombe kabla ya kunawa. Maji yake ya kunywa yalichemshwa yakapoa kwenye mtungi. Matunda alikula yale ya kumenya tu, tena aliyamenya mwenyewe, polepole, ganda la chungwa likitoka zima bila kukatika. Maua hayakuingia ndani. Mwenye mafua hakupita hata kibarazani. Nyakati hizo alinifundisha salamu za Salimini, ambazo ni thelathini na moja kulingana na saa na umri, na nilipokosea alicheka mpaka akashika mbavu.

"Unasalimia kama mtu anayefukuza kuku," alikuwa akiniambia. "Rudia."

Nilirudia. Ningetoa mengi leo nirudie tena mbele ya dirisha lile.

Sasa niseme juu ya sheria, kwa kuwa hapo ndipo nchi ile nzuri ilipojifunga kamba. Sheria yao ya kwanza, iliyochongwa juu ya lango la mji, inasema kwamba aulizwaye habari atajibu njema. Haina adhabu ya jela. Adhabu yake ni watu kukutazama. Mtu anayejibu vingine anahesabiwa amemtupia mwenzake mzigo mlangoni, na wenye adabu hupita upande wa pili wa barabara. Nilishuhudia mtu aliyevunjika mguu sokoni akisalimiwa na wapitaji kumi na wanne, naye akiwa chini amewajibu wote kumi na wanne kwamba njema. Wa kumi na tano ndiye aliyemnyanyua, na huyo alikuwa kiziwi.

Sheria ya pili, mpya zaidi, ni ya joto. Inawataka wote wanaopaliliwa wachomeke kijiti cha kioo kwenye tundu la ukuta asubuhi na jioni, na tena wakati wowote wakijisikia baridi au kutetemeka. Kijiti kikifika alama ya thelathini na nane, mwenye nyumba aite Ofisi ya Joto papo hapo, iwe sikukuu au mvua. Asisubiri kuona kama litashuka. Asimwage maji ya mnanaa ukutani kwanza, kwa sababu maji hayo hupoza ukuta tu na kijiti kikasema uongo, huku mwizi akiendelea na kazi yake ndani. Ofisi ikipata habari huleta askari wa kukodi kabla saa moja haijaisha, wenye marungu ya kutosha kulinda mpaka wale weupe waamke. Sheria hii niliinakili yote kwenye daftari langu. Sijawahi kuona sheria yenye akili kuliko hiyo.

Tatizo ni kwamba Ofisi ya Joto inaitwa kwa mrija wa shaba unaopita nyumba zote za mtaa, na mtaa mzima husikia kila neno. Tatizo la pili ni kwamba mpokezi wa Ofisi, kabla ya yote, analazimika kusalimia.

Na lipo la tatu, ambalo ni la kwao peke yao. Kila nyumba inayopaliliwa ina ndoo ya maji ya mnanaa kando ya mlango, yenye kitambaa cheupe juu. Wanaiita ndoo ya heshima. Mgeni akikaribia, mwenye nyumba humwagia ukuta, ili mgeni akiuegemea asishtuke. Niliuliza kama hilo halikatazwi na sheria. Nikajibiwa kuwa sheria inakataza kupoza joto, na wao hawapozi joto, wanamkaribisha mgeni.

Nilibahatika kuhudhuria kikao cha Baraza la Joto, chini ya uenyekiti wa Bwana Mwinyi Jaka, Mkuu wa Adabu, jirani yetu wa nyumba ya nne, naye mwenye ndoo mlangoni. Alikuwa mtu mzuri. Nasema hivyo kwa dhati. Alikuwa na sauti laini na mkono wenye joto, na hakupita barazani kwetu bila kuniuliza kama nimekula. Siku hiyo hoja zilikuwa tatu. Ya kwanza, kwamba alama ya thelathini na nane isiitwe joto bali uchangamfu. Ya pili, kwamba joto linaloanza Jumapili lihesabiwe kuwa limeanza Jumatatu, saa mbili ya asubuhi. Ya tatu ililetwa na mjumbe mmoja mwenye miwani, aliyegundua kwamba joto huonekana zaidi kwenye nyumba zinazopimwa, akashauri upimaji upunguzwe.

Mama mmoja alisimama nyuma akauliza kwa nini mtaa wao umezika watu saba tangu mavuno.

Bwana Jaka alifungua rejista. "Mheshimiwa, mwaka huu Ofisi imepokea miito elfu moja na mia mbili. Majibu yote yaliyoandikwa ni njema. Hakuna hata moja lisilo njema."

"Na wale saba?"

"Waliita. Wakasalimiwa. Wakajibu njema." Akaifunga rejista taratibu. "Tungewavunjia heshima kwa kuwabishia?"

Mama yule alikaa. Bwana Jaka akamshukuru kwa swali zuri, na kikao kikapata chai.

Siku ya tisa baada ya kupaliliwa mara ya nne, saa kumi alasiri, Bi Mboni alikuwa ananisahihisha salamu ya wakwe. Katikati ya sentensi akanyamaza. Akajifunika shuka, na jua la siku hiyo lilikuwa la kukaanga. Niliona meno yake yanagongana. Nikanawa mikono, nikamwomba achomeke kijiti. Alikichomeka, akakitoa, akakitazama muda mrefu kidogo, akakigeuzia upande wake.

"Kinasemaje, mama?"

"Kinasema hujambo."

"Nionyeshe."

Alinionyesha. Thelathini na nane na nukta tatu. Nimesoma vipimo maisha yangu yote, na sijawahi kuogopa namba kama nilivyoiogopa ile.

"Niletee ndoo," alisema. "Bi Nunu na mumewe wamesema watapita jioni kunijulia hali."

Bi Nunu alikuwa mke wa Bwana Jaka.

"Sileti."

"Mwanangu, niletee ndoo."

"Mama, sileti. Unipige, unifukuze, sileti."

Alinikata jicho la mwalimu mkuu. Nikaona lazima nimweleze, na nilimweleza mambo ambayo sikuwa nimemweleza mtu. Nilipokuwa kituo changu cha kwanza, milimani, nilipiga simu nyumbani kila Ijumaa. Mama yangu alikuwa akijibu kila Ijumaa, hatujambo mwanangu, tunamshukuru Mungu. Sauti yake ilikuwa inazidi kuwa ndogo, mimi nikasema ni simu mbovu. Nilikuwa mpima mvua hodari, nikiona tone moja naandika tone moja, na mama yangu nilimwandika hajambo mpaka wiki niliyoitwa kuzika. Nilisema hayo yote huku nimeshika fremu ya dirisha, nikilia bila aibu.

Bi Mboni alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akajikokota hadi kwenye mrija, maana sheria inakubali sauti ya mwenye nyumba tu, akaita.

"Ofisi ya Joto," sauti ya mwanamke ikajibu. "Habari za nyumba?"

"Njema," alisema Bi Mboni.

"Tunashukuru. Jioni njema."

Mrija ukafungwa. Niliusikia ukifungwa, na Bi Mboni akageuka kunitazama, kiganja mdomoni, kama mtoto aliyevunja sahani.

"Umeona?" alisema. "Mdomo umejisemea wenyewe. Miaka arobaini nimefundisha watoto wa mji huu neno hilo. Huyo mpokezi, Mwantumu, nilimsimamisha mbele ya darasa akalisema mara ishirini, kwa sababu siku moja alinijibu kwamba tumbo linamuuma."

"Basi ita tena."

"Mtaa wote unasikia, mwanangu."

"Wasikie."

"Wewe utarudi kwenu. Mimi nitabaki nao."

"Ukibaki, mama. Ukibaki." Nadhani nilipiga kelele. "Askari wako wamelala, mwizi yuko ndani, na wewe unamwogopea Bi Nunu!"

Alikaa chini, mgongo ukutani, na nikaona mvuke mwembamba ukipanda kwenye plasta nyuma yake. Kijiti kilikuwa kimefika nukta tisa. Nitasema alivyokuwa: hakuonekana shujaa. Alikuwa mwanamke mchovu asiye na paa, amejikaza kisabuni mpaka sabuni imekwisha. Akavuta pumzi, akainuka kwa kushika ukuta uliomuunguza viganja, akaita.

"Ofisi ya Joto. Mwalimu, si ndiyo wewe? Umeshaita sasa hivi." Mwantumu alisita. "Habari za nyumba?"

Mtaani hakuna aliyekuwa anatwanga wala kufagia, wote walikuwa wanasikiliza.

"Mwantumu mwanangu," alisema Bi Mboni, "nilikufundisha vibaya. Si njema. Naungua."

Mwantumu hakujua swali linalofuata. Baadaye aliniambia mwenyewe kwamba amekaa kwenye kiti kile miaka kumi na moja, na fomu haina mstari mwingine baada ya njema. Tulimsikia anageuza karatasi, anaiangalia nyuma, anairudisha. Kisha akasema neno ambalo halimo kwenye fomu.

"Pole, Mwalimu. Tangu lini?"

"Tangu saa kumi. Sijamwagia maji."

"Wanakuja. Usifunge mrija. Kaa na mimi."

Na kwa kuwa haukufungwa, wote tulisikia kilichofuata. Sauti ya mzee fulani, ya nyumba ya pili nadhani, ikakohoa. "Na mimi," alisema. "Na kwangu si njema. Tangu jana." Kisha mwanamke mwenye kigugumizi. Kisha mtu aliyesema tu namba ya nyumba yake, akaanza kulia. Mwantumu aliwaandika pembeni mwa karatasi kwa vile hakukuwa na nafasi nyingine, akimuuliza kila mmoja, tangu lini, umemwagia maji, unatetemeka. Walifika watu sita. Baada ya hapo mrija ulibaki wazi, na ndani yake tukasikia mtu anapumua. Pumzi fupi, nzito, za mtu anayepanda ngazi.

"Nani mwingine yupo?" aliuliza Mwantumu. "Nyumba ya nne? Bwana Jaka, ni wewe? Habari za nyumba, Bwana?"

Pumzi zilikatika kidogo, kama mtu anayejiweka sawa kola.

"Njema," ilisema ile sauti laini. "Tunashukuru."

Askari wa kukodi walifika kwa Bi Mboni kabla maji niliyobandika jikoni hayajachemka. Waliingia na marungu yao, wakakaa siku saba, na siku ya tatu ukuta ulishuka mpaka thelathini na saba. Zile nyumba nyingine sita zilifikiwa zote, ingawa moja ilibaki na ufa mkubwa upande wa mashariki. Nyumba ya nne haikufikiwa, kwa sababu rejista ilisema njema. Wageni waliopita asubuhi waliegemea ukuta wake na kuusifu ulivyo wa baridi. Iliwaka siku ya pili adhuhuri, kutoka ndani kwenda nje, na Bwana Mwinyi Jaka hakuonekana tena.

Nilimlilia. Ni kweli aliwapoteza watu kwa hoja zake, na ni kweli pia kwamba hakuna aliyeniuliza kama nimekula kwa namna aliyoniuliza yeye. Alikufa na tai shingoni, kama tunavyosema kwetu, na alikuwa ameifunga vizuri.

Niliondoka Salimini baada ya hitima ya arobaini ya Bwana Jaka. Siku hiyo askari weupe wa Bi Mboni walikuwa wameamka, Wapaliliaji wamempa ruhusa ya kukaa na watu, na kwenye paa lake, chini ya khanga, makuti machanga yalikuwa yameanza kuchomoza, laini, ya rangi isiyokuwa ya mwanzo. Tulikwenda pamoja. Nakumbuka ubani, nakumbuka bakuli la wali lililopita mkono kwa mkono, nakumbuka watu wa mtaa ule walivyokuwa wakisogeleana kwenye jamvi kumpisha aliyechelewa. Nimekaa katika miji mingi baada ya pale. Sijapata tena watu wa kusogeleana vile.

Bi Nunu alikuwa amekaa kwenye kona ya wanawake, na mimi nilikuwa mlangoni, karibu vya kutosha. Watu walipita mbele yake mmoja mmoja wakimuuliza habari, na mmoja mmoja aliwajibu, njema, njema, tunashukuru. Ilipofika zamu ya Bi Mboni, aliinama akauliza vilevile.

"Habari, mdogo wangu?"

"Njema, dada. Tunashukuru."

Kila mtu alitazamia Bi Mboni apite ili wa nyuma yake asogee. Hakupita. Alikaa chini kwenye jamvi, akauchukua mkono wa yule mama akauweka mapajani mwake. Foleni ikasimama. Mtu mmoja akaguna. Bi Mboni alibaki palepale, bila haraka, kama mtu ambaye bado hajajibiwa.



"Si njema, dada," alisema Bi Nunu. "Siku ile alipokuwa anapumua kwenye mrija, ndoo nilikuwa nimeishika mimi."